Lambton: Mwamba aliyewapa farasi dawa ili dawa zipigwe marufuku

Kule Pontefract, kaskazini mwa Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita, farasi mmoja aliyeitwa Folkestone alishinda mbio halafu akagoma kusimama. Mpanda wake anavuta hatamu, yeye anakata upepo tu. Nusura azunguke uwanja mara ya pili.

Waliokuwa wanamjua Folkestone walibaki midomo wazi. Huyu alikuwa galasa. Mazoezini mvivu, kwenye mbio anashika mkia, kila mara hivyohivyo. Leo kala nini? Kesho yake akaingizwa tena kwenye mbio nyingine, akashinda tena. Akauzwa fasta kwa mtu aliyedhani ameokota dhahabu. Tangu siku hiyo hakushinda tena.

Alichokula kilikuwa kwenye chupa. Kocha wake alikuwa amemnywesha dawa ya kusisimua mwili, tena kwa makusudi. Ila kocha huyu alikuwa na jambo moja lisilo la kawaida. Wenzake waliokuwa wanafanya mchezo huo walijificha, yeye alikwenda kumweleza kaka yake mwenyewe, mmoja wa wakubwa waliokuwa wanaendesha mchezo mzima wa mbio za farasi Uingereza. Alitaka wakubwa waone kwa macho yao.

Jina lake George Lambton. Wapenzi wa soka wengi hawajawahi kulisikia, na sishangai, maana huku kwetu mbio za farasi ni mpaka uende Ngong, Nairobi. Lakini mchezaji wa mpira anayepewa kikopo baada ya mechi na kuambiwa ajaze mkojo mbele ya daktari, anafuata njia iliyoanza kuchimbwa kwenye mabanda ya farasi. Na huyu mzee ni mmoja wa walioshika jembe mapema.

MTOTO WA KISHUA, MFUKO MTUPU

Lambton alizaliwa 23 Aprili 1860 kwenye ukoo wa Earl wa Durham, mabwanyenye wa kaskazini mashariki mwa Uingereza wenye migodi ya makaa ya mawe na kasri lenye jina lao. Alikuwa mtoto wa tano wa kiume. Kwa desturi za wakubwa wa kule, cheo na mali vinakwenda kwa wa kwanza. Wa tano anabaki na jina zuri na mazoea ya kuishi kama tajiri. Lambton aliyatumia yote mawili. Alikuwa mtanashati wa kutajwa, mpole wa maneno, na kwenye kubeti hakuwa na breki. Ujana wake aliupitisha akidaiwa huku na kule.

Alichoweza kweli ni kupanda farasi. Alikuwa mpanda wa ridhaa kwenye mbio za kuruka viunzi, zile ambazo farasi anaruka ua na mitaro na mtu anaweza kuvunjika shingo wakati wowote. Mwaka 1888 alikwenda Paris akashinda mbio kubwa kuliko zote za aina hiyo Ufaransa, Grand Steeple-Chase, akiwa juu ya farasi aitwaye Parasang.

Mwaka 1892 akaanguka vibaya uwanja wa Sandown. Mgongo ukaumia, na habari ya kupanda mbio ikaishia hapo. Alikuwa na miaka kama 32. Straika wetu akivunjika goti umri huo, anatafuta leseni ya ukocha. Lambton naye alifanya hivyohivyo, akahamia Newmarket, mji ambao mpaka leo ndio makao makuu ya mbio za farasi za Waingereza, akaanza kufundisha.

Hapo aliwashangaza watu wa tabaka lake. Siku zile kocha wa farasi alikuwa mtu wa kazi, mara nyingi aliyeanza kama saisi, anavua kofia bwana mwenye farasi akipita. Mtoto wa Earl kuingia bandani kukagua kwato alfajiri ilikuwa kituko. Lakini mwaka uliofuata, 1893, mwenye jina zito kuliko wote kwenye mchezo ule akamkabidhi farasi wake. Huyo alikuwa Earl wa 16 wa Derby.

Ndiyo, Derby hiyohiyo. Mwaka 1780 Earl wa 12 wa ukoo huo alianzisha na wenzake mbio za farasi za miaka mitatu kule Epsom, zikapewa jina lake. Zikawa mbio kubwa kuliko zote, na miaka mingi baadaye neno likahamia kwenye soka, likavuka bahari, likafika Kariakoo likawa dabi. Kwa hiyo unapobishana kijiweni kuhusu dabi ya Simba na Yanga, unataja jina la waajiri wa Lambton.

Kazi ilimkubali. Mwaka 1896 farasi jike wake aitwaye Canterbury Pilgrim alishinda Oaks, ambayo ni kama Derby ya majike. Mkumbuke huyo jike, tutarudi kwake.

WAMAREKANI WANATUA

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wamarekani wakavamia viwanja vya Uingereza. Wa kwanza kuwika alikuwa mpanda mmoja mfupi, Tod Sloan. Waingereza walipanda wakiwa wima, miguu imenyooka, kama askari kwenye gwaride. Sloan alijikunja juu ya shingo ya farasi, hatamu fupi, makalio hewani. Walimcheka na kumfananisha na nyani. Kicheko kikaisha walipoona anawaacha kila wiki. Lambton hakuwa miongoni mwa waliocheka. Alimtazama, akakubali kwamba huyu ni fundi na kwamba Waingereza wamepitwa.

Nyuma ya wapanda wakaja makocha na wacheza kamari. Kiongozi wa ufundi alikuwa Enoch Wishard, na kundi lake lilikuja na pesa ndefu za kubeti. Mwaka 1900 Wishard alishinda mbio nyingi kuliko kocha mwingine yeyote Uingereza. Kulikuwa na farasi anaitwa Royal Flush, mzee ambaye Waingereza walishamtupa. Wishard akamchukua, na mwaka huohuo akashinda Royal Hunt Cup kule Ascot na Stewards' Cup kule Goodwood. Mpanda wao Lester Reiff akawa bingwa wa wapanda wote mwaka huo. Mwaka uliofuata akafungiwa kwa kosa la kumzuia farasi wake makusudi asishinde.

Tusiwe wanafiki. Wamarekani walikuwa na mbinu halali pia, tena nzuri. Walifungua madirisha ya mabanda wakati Waingereza wanafunika farasi kama wagonjwa wa homa. Walivalisha farasi viatu vyepesi vya alumini siku ya mbio badala ya chuma kizito. Lambton alimwona Wishard kuwa kocha wa kiwango cha juu hata bila dawa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba mtu anayejua kazi hivyo bado anaongeza na chupa.

Maana chupa ilikuwepo. Kilichotajwa zaidi ni kokeini. Na hakikuwa kosa! Kanuni za mbio hazikusema lolote. Kokeini yenyewe iliuzwa maduka ya dawa. Kwa binadamu hali ilikuwa hiyohiyo. Kwenye Olimpiki ya St. Louis 1904, Mmarekani Thomas Hicks alinyweshwa strikinini, ambayo ni sumu ya panya, pamoja na pombe katikati ya marathoni ili asianguke, na medali ya dhahabu akapewa.

Waingereza walizoea hila ya aina nyingine. Wao walijua dawa ya kumzuia farasi asishinde. Mwaka 1812 mtu mmoja, Daniel Dawson, alinyongwa kwa kutia sumu kwenye maji ya farasi wa Newmarket. Kumlegeza farasi ilikuwa jinai iliyoeleweka. Kumwongezea kasi? Wakubwa wengi waliona ni porojo za walioshindwa. Ni kama kwetu timu ikifungwa, lawama zinakwenda kwa kamati ya ufundi ya wapinzani na mambo ya gizani. Nani atakusikiliza?

Lakini aliyekuwa bandani aliona. Farasi anakwenda kwenye mstari macho yamemtoka, jasho linamwagika kabla hata hajakimbia, akimaliza mbio hatulii. Siku chache baadaye ni gofu. Dawa ile haimpi farasi nguvu mpya. Inamfanya asisikie uchovu wala maumivu, basi anatumia akiba ambayo mwili ulikuwa umeificha kwa ajili ya kuishi. Farasi mwenye mguu unaouma atakanyaga mguu huo mpaka uvunjike, na mtu aliye juu yake anaanguka naye. Aliyewahi kuanguka Sandown hakuhitaji kufundishwa maana yake.

DOZI SITA

Lambton akalalamika. Wakubwa wa Jockey Club, chama kilichoendesha kila kitu, hawakushtuka. Akaamua kuwaonyesha.

Kaka yake mkubwa, Lord Durham, hakuwa mtu wa kuogopa kelele. Mwaka 1887 alisimama kwenye karamu ya Gimcrack kule York akatoboa hadharani kwamba kuna banda linaloendesha mbio kwa hila, na kila aliyekuwepo akajua anamsema nani. Sir George Chetwynd, kigogo mwenzake, akamshtaki kwa kumchafulia jina akidai pauni 20,000. Kesi ikaisha 1889. Chetwynd akashinda, na fidia aliyopewa ni fadhingi moja, robo ya peni. Kitu ambacho hununui hata karanga. Kwa hiyo George alipokwenda na mpango wake, alikuwa anamwambia mtu aliyeshaonja vita ya namna hiyo.

Mpango ulikuwa rahisi. Alipata dozi sita kutoka kwa daktari wa mifugo. Si za sindano, ni za kunywesha kwa chupa. Akachagua farasi ambao msimu mzima hawakuonyesha kitu. Akatumia dozi tano.

Matokeo yake farasi wanne wakashinda, mmoja akawa wa pili.

Mmoja wao alikuwa Folkestone niliyeanza naye. Mwingine, Ruy Lopez, alikuwa mkorofi aliyewashinda wapanda bora wa nchi. Siku ya dawa alipandwa na kijana wa bandani tu kwenye mbio za Lincoln za mwisho wa msimu, akawakimbia wote kama farasi mwenye adabu kuliko wote duniani.

Hapa kila msomaji atakuwa na hoja yake, na mimi ninayo yangu. Wale waliokuwa wa pili nyuma ya Folkestone walidhulumiwa. Mwenye farasi yule alikosa zawadi, na aliyembetia alichana mkeka kwa sababu ya jaribio ambalo hakuombwa ruhusa. Na aliyemnunua Folkestone baada ya ushindi alinunua upepo. Lambton mwenyewe alieleza kwamba lengo lake halikuwa pesa, na hakuna kanuni aliyoivunja, maana kanuni haikuwepo. Lakini zawadi za wanne wale zilikuwa zawadi, na vitabu vya matokeo vinaonyesha ushindi mpaka leo. Mimi nasema alifanya jambo baya kwa sababu nzuri, na sioni njia nyingine ambayo wazee wale wangeamka. Wewe unaweza kuona tofauti.

Waliamka kweli. Mwaka 1903 Jockey Club ikaweka kanuni kwamba atakayempa farasi dawa ya kubadili mwendo wake atafukuzwa kwenye viwanja vyote. Hiyo ndiyo adhabu kubwa kabisa ya mchezo ule. Huingii Newmarket, hufundishi, humiliki farasi, na wenzako hawaruhusiwi kufanya kazi na wewe.

Tatizo likabaki moja. Utajuaje? Kanuni bila kipimo ni sawa na sheria ya kuotea bila mshika kibendera.

MATE YA FARASI

Jibu halikutoka Uingereza, lilitoka Vienna. Mwaka 1910 wakubwa wa mbio za Austria, waliokuwa wanasumbuliwa na mambo hayohayo, walimwita mkemia kutoka Warsaw, Alfons Bukowski. Akawaambia anaweza kuona dawa kwenye mate ya farasi. Akapima, akaonyesha, lakini akagoma kufundisha njia yake. Alitaka ibaki siri yake. Waaustria wakaona hawawezi kuendesha haki kwa siri ya mtu mmoja, wakamgeukia Profesa Sigmund Fränkel wa palepale Vienna, ambaye alitengeneza njia yake mwenyewe. Kati ya 1910 na 1911 vikapimwa vipimo zaidi ya mia mbili.

Wazo lenyewe halina uchawi. Dawa kama kokeini, morfini, kafeini na strikinini zikiingia mwilini hazipotei palepale. Zinazunguka na damu, zinatoka kwenye mate, jasho na mkojo. Mkemia anakusanya mate, anayasafisha kwa kemikali mpaka abaki na kile kidogo kisicho cha kawaida, halafu anakijaribu kuona kinageuka rangi gani au kinaganda kwa umbo gani. Mwaka 1912 Ufaransa ikapata kichwa cha kwanza kikubwa. Farasi jike Bourbon Rose, aliyekuwa ameshinda kombe la dhahabu la Maisons-Laffitte, alinyang'anywa ushindi baada ya kipimo.

Wamarekani, wenye mzigo wote, walichelewa. Florida ilituma daktari wa mifugo na mkemia kwenda Ufaransa kusomea kazi ya mate, na vipimo vikaanza Miami mwaka 1934. Maabara zao zikawa na mbinu moja ambayo ukisimuliwa unacheka. Walimdunga panya kile kilichotoka kwenye mate ya farasi. Mkia wa panya ukisimama na kupinda mgongoni, hiyo ni morfini.

Uingereza nayo ikaingia, na ikajua haraka kwamba kipimo kinaleta maswali mapya. Mwaka 1930 farasi Don Pat alishinda uwanja wa Kempton Park, akapimwa, akakutwa na kafeini. Kocha wake, Charles Chapman, akafukuzwa. Alilia kwamba hakumpa yeye. Na Jockey Club haikuthibitisha kwamba ni yeye. Ilisema farasi yuko chini ya ulinzi wake, basi ni mzigo wake. Chapman akaenda mahakamani kwa sababu tangazo lililochapishwa lilimfanya aonekane mlishaji dawa. Baraza la wananchi mahakamani likamuonea huruma, likampa fidia ya jumla ya pauni 16,000. Rufaa ya 1932 ikawapa wakubwa nafuu kubwa, na kanuni ikabaki vilevile.

Ukiona leo mchezaji anakutwa na dawa, anasema ilikuwa kwenye dawa ya mafua, na wanamfungia hata hivyo, ujue mjadala huo una umri wa Don Pat. Naona ukali wake, na ninaelewa kwa nini upo, maana bila hivyo kila kocha atasema ni saisi, na saisi atasema ni paka. Lakini Chapman alipoteza kazi yake kwa kitu ambacho hakuna aliyemwona akikifanya.

Siku hizi farasi aliyeshinda anapelekwa banda maalumu, anapigiwa mluzi mpaka akojoe (kweli, mluzi unasaidia), kipimo kinagawanywa viwili na kufungwa kwa lakiri. Sehemu ya kwanza inapimwa, ya pili inatunzwa ili mwenye farasi akibisha ifunguliwe. Mfumo huohuo ndio wa soka. FIFA ilianza kupima wachezaji Kombe la Dunia 1966, palepale Uingereza, miaka zaidi ya hamsini baada ya farasi wa Vienna. Maradona alipotolewa 1994 kwa efedrini, alipitia mlango ambao farasi walishapita zamani.

MZEE NA AGA KHAN

Lambton hakuishi kwa dawa tu. Alikuwa kocha bingwa wa Uingereza mwaka 1906, 1911 na 1912, yaani baada ya kanuni, bila chupa. Mtoto wa Canterbury Pilgrim, dume aitwaye Swynford, alimpa St Leger ya 1910.

Mwaka 1921 akaja mteja ambaye jina lake liko kwenye midomo yetu kila siku. Aga Khan wa tatu, kiongozi wa Waismailia, yule ambaye mwaka 1946 alipimwa kwa almasi hapa Dar es Salaam kwa jubilei yake. Alitaka kuanzisha zizi la kisasa Uingereza na akamwomba Lambton awe kocha. Lambton akakataa, kwa kuwa alikuwa na Lord Derby. Lakini akakubali kumchagulia farasi wadogo mnadani. Mwaka 1922 kule Doncaster alimnunulia jike mmoja wa kijivu kwa gini 9,100. Watu wakasema mzee kachanganyikiwa. Jike huyo aliitwa Mumtaz Mahal, akawa na kasi ambayo Waingereza hawakuwa wameiona, na uzao wake umejaa kwenye farasi wakubwa wa dunia mpaka leo.

Kilichobaki kumkosesha usingizi kilikuwa Derby yenyewe. Ukoo uliotoa jina la mbio hizo ulikuwa umeshinda mwaka 1787, halafu basi. Miaka 137 ya kuangalia wengine wakibeba. Hebu fikiria klabu iliyoanzisha ligi ikae muda huo bila kombe, utani wake ungekuwaje vijiweni. Mwaka 1924, mvua imenyesha mpaka Epsom ni tope tupu, Sansovino, mtoto wa Swynford, akashinda kwa urefu wa farasi sita. Earl wa 17 wa Derby akapata Derby yake, na kocha alikuwa Lambton. Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu, na humo ndimo alimoeleza wazi habari za dozi sita. Kuanzia 1927 akakaa pembeni kama meneja na kazi ya banda ikapewa Frank Butters, aliyewahi kufundisha kulekule Austria. Mwaka 1931 mzee akarudi bandani.

Alikuta kinda mmoja mdogo mno. Hyperion alizaliwa 1930, mfupi kiasi cha kutengenezewa kihori chake. Mama yake, Selene, naye alikuwa mdogo, na kwa sababu hiyo hawakumwandikisha kwenye mbio kubwa. Baadaye walijuta, maana alishinda nyingi kati ya alizoingizwa. Baba yake Selene alikuwa mtoto wa Canterbury Pilgrim. Lambton alikuwa ameshakosea mara moja kwa ufupi wa farasi. Hakurudia. Hyperion alikuwa mvivu, anasimama mazoezini akiangalia ndege, na kocha mwenye haraka angetafuta njia ya mkato. Mzee akamsukuma kwa mazoezi, taratibu, siku baada ya siku. Mwaka 1933 Hyperion alishinda Derby kwa urefu wa farasi wanne na kuvunja rekodi ya muda, kisha akaongeza St Leger.

Malipo yake? Mwisho wa msimu uleule Lord Derby akamwachisha kazi. Aliona mzee wa miaka 73, mwenye afya ya mashaka, amechoka. Kocha anabeba makombe mawili makubwa, anaonyeshwa mlango. Mnaofuatilia ligi yetu hamtashangaa. Lambton aliumia sana. Hyperion alipokabidhiwa kocha mwingine, alishindwa Ascot Gold Cup ya 1934, akawa wa tatu, na wengi wakasema mkono mpya ulimlegezea mazoezi. Lambton akafungua banda lake mwenyewe Newmarket, akaendelea kufundisha uzeeni.

Hyperion alistaafu akawa baba wa mabingwa. Mwezi Juni 1945, vita imeisha Ulaya lakini Epsom haijafunguliwa, Oaks ilikimbiwa Newmarket. Aliyeshinda alikuwa Sun Stream, binti wa Hyperion, akiwa na rangi za Lord Derby, kwenye mbio zilezile ambazo Canterbury Pilgrim alimshindia Lambton miaka 49 nyuma. George Lambton alifariki tarehe 23 Julai mwaka huo, akiwa na miaka 85.